Noti kwenye Onyesho la Saba: siku nane za kuimba Dar

Jumatatu

Basi limetoka Tanga saa 12 asubuhi. Nimekaa dirishani, mtandio nimeuzungusha shingoni mara mbili kama mgonjwa, kwa sababu kiyoyozi cha basi kinanitisha kuliko vumbi. Hewa yake ni kavu, na koo la mwimbaji linataka unyevu. Mama niliyekaa naye akanipa pole ya mafua. Nikamwambia siumwi, mimi ni mwimbaji.

"Wa kaswida au wa taarab?"

Nikamweleza kwamba safari hii naenda kuigiza, ila ndani ya igizo naimba, na watu wakigombana wanagombana kwa nyimbo. Akafikiri kidogo. "Kumbe kama sinema za Kihindi." Karibu miaka ishirini nawaeleza watu kazi yangu na sijawahi kupata maelezo mafupi kama hayo.

Muheza tukanunua machungwa kupitia dirishani. Sikula hata moja, uchachu unanipa makohozi, lakini huwezi kupita Muheza na kufika kwa mama mdogo mikono mitupu.

Nota nilizijulia kwenye kwaya ya shule, kwa do-re-mi iliyoandikwa kwa chaki. Baadaye nikaenda Bagamoyo, kile Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981 ambacho sasa ndiyo TaSUBa, nikasoma maigizo na muziki. Nilitoka pale nikidhani nitaishi kwa jukwaa la maigizo. Aliyenilisha ni taarab. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoimbia Shakila binti Said kabla ya kuja Dar, na binti wa kwetu akijulikana ana sauti, harusi humtafuta kabla yeye hajazitafuta. Tamthilia ya muziki huja mara moja kwa mwaka, au miwili. Ikija, naacha harusi na kupanda basi.

Mbezi tumefika saa 7 na nusu mchana. Daladala hadi Kimara, mwendokasi hadi Magomeni. Mama mdogo alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Hebu sema aaa."

"Aaa."

"Umelalia shingo. Ingia ndani."

Jumanne

Mazoezi Upanga, ukumbi wa shule moja. Igizo linahusu mama mchuuzi wa samaki pale Feri ambaye mwanawe amezamia meli. Amepanda usiku, hakuaga, hakuna barua. Mimi ndiye mama. Wimbo wangu mkubwa uko Onyesho la Saba, mama anapokunja shati la mtoto ambalo limebaki kwenye kamba.

Asubuhi nzima tumegombania neno moja: "bahari". Mtunzi wa muziki ni kijana hodari sana, ila alianza na tuni, maneno akayabandika baadaye. Nota ya juu kabisa, ndefu, ikaangukia "ri". Kwa hiyo mama anayelilia mwanawe anaimba "bahaRIII". Nikamwambia, kaka, Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ni ba-HA-ri. Ukiivuta "ri" namna hiyo, anayesikia kwa mara ya kwanza atadhani ni jina la mtu. Akasema kwenye taarab mbona mnavuta popote. Kweli tunavuta popote! Lakini mpenzi wa taarab kiitikio atakisikia mara kumi usiku ule, na kaseti anayo nyumbani. Mtu wa tamthilia anasikia mara moja, na asiposikia hajui kwa nini mama analia.

Hapo ndipo kazi hizi mbili zinapoachana. Mwongozaji amenikataza nakshi, zile kona za sauti ambazo kwetu ndiyo utamu wenyewe. "Imba kama unazungumza, halafu useme kwa nguvu." Kwenye taarab nimezoea mshororo wa mizani 16, nane kwa nane; hata nikisahau neno, kina kinanikumbusha. Huyu kijana ana mishororo ya mizani 11, halafu 7, halafu 13. Ni kama kushuka ngazi gizani.

Mwishowe amehamisha nota. Sasa "ha" ndiyo iko juu, kwenye nota ya la, ile inayotetemesha nyuzi za sauti mara 440 kwa sekunde. Naifikia, ingawa jioni ya shoo ya tatu sijui. Wenzetu wa Broadway na London huimba shoo nane kwa wiki, na mhusika mkuu ana mbadala wake anayejua kila mstari. Sisi tuna shoo tatu kwa siku mbili, na mbadala wangu ni tangawizi.

Na tangawizi yenyewe, niseme tu kwa kuwa kila mtu amenishauri leo: haigusi nyuzi za sauti. Chakula na kinywaji vina njia yao. Kingepita kwenye nyuzi ungepaliwa. Inatuliza koo, basi. Kinachofika kule ni mvuke, kwa hiyo usiku nimejifunika shuka juu ya sufuria la maji ya moto, mama mdogo akipita na kusema nanuka kama mgonjwa wa nyungu.

Jumatano

Saa 11 na nusu alfajiri niko Feri, soko la samaki, kumtafuta mama yangu wa kwenye igizo.

Nikajikuta nawasikiliza madalali kwanza. Yule wa jodari alikuwa mwembamba, amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile la Februari, na alinadi nusu saa nzima bila sauti kukwaruza. Arobaini, arobaini na mbili, mbili, mbili, tano! Nikatazama mbavu zake. Mabega hayapandi hata kidogo; kiuno ndicho kinachotanuka, kama puto. Bagamoyo walitulaza chini na vitabu tumboni wiki mbili kutufundisha hilo.

Mama wa vibua alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilinunua fungu ili nipate sababu ya kusimama. Kanga moja kiunoni, nyingine begani, na pesa zote kwenye pindo la ile ya begani, fundo dogo gumu kama jiwe. Mikono ilikuwa na magamba na damu, kwa hiyo alilifungua kwa meno. Akavuta noti kwa vidole viwili, akanipa chenji, akalifunga tena kwa mkono mmoja na meno, na muda wote huo anaongea na mteja mwingine. Nilinunua fungu la pili ili nimuone akifanya tena.

Mchana mazoezi. Vibua tumevila usiku, na mama mdogo amesema nimepigwa bei.

Alhamisi

Mazoezi ya mwisho, na maleba. Shati la mtoto ni jeupe mno, wamelipeleka kulichovya kwenye chai. Kwa vile ukumbi wa Upanga una mwangwi wa bafuni, tumehamia ukumbi wa shoo zenyewe, ambao sitautaja. Umeme umekatika mara mbili. Jenereta lipo, mwenye ufunguo hayupo. Mara ya pili kinanda kilizimika katikati ya wimbo wangu, nikaendelea gizani kwa sauti tupu mpaka mwisho, na waitikiaji wakaingia pale pale wanapopaswa. Mwongozaji akasema huo ndio uimbaji mzuri kuliko wote wiki hii. Nusura nimpige na kobazi.

Zile maiki ndogo za shavuni zinashikwa kwa plasta, na kwa jasho letu plasta inadumu nyimbo mbili. Betri nazo tunahesabiana kama askari na risasi. Fundi mitambo ananiambia, "Dada, ukitoka jukwaani zima." Nikizima nasahau kuwasha. Nikiacha inawaka, ukumbi mzima unanisikia nikikohoa nyuma ya pazia. Nimechagua kuacha inawaka.

Ijumaa

Nitaandika leo hii hii kabla sijalala, maana kesho nitaanza kuipamba.

Watu wamejaa. Kiti cha mama mdogo kiko safu ya tano, pembeni. Maonyesho sita yamekwenda vizuri, hata wimbo wa wachuuzi ambao huwa unakimbia. Limekuja la Saba. Niko peke yangu na kamba ya nguo. Nimelitoa shati, nimeanza kulikunja: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kola. Beti la kwanza. La pili. Kwa kona ya jicho nikaona mtu anasimama safu ya tatu.

Mwili wa mwimbaji wa taarab unajua mtu akisimama maana yake nini. Anakuja kutunza. Shavu langu likaanza kutabasamu lenyewe kabla sijalikataza. Kwenye taarab unamwegemea kidogo, unaipokea noti, unampa mshororo mmoja wa peke yake, anarudi akicheza na wenzake wakimshangilia. Nimefanya hivyo maelfu ya mara. Hapa niko msibani, kwenye igizo, na mwongozaji ametuonya wiki nzima kwamba kati yetu na watazamaji kuna ukuta.

Yule mama hakucheza. Alipanda ngazi za pembeni polepole, mtu wa miaka hamsini na kitu, amevaa dera la kijani. Mkononi ana mwekundu wa Msimbazi, noti ya elfu kumi, ameikunja mara nne. Akaja mpaka mbele yangu, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, vile vile tunavyoshikana tukiingia kwenye nyumba ya msiba. Analia.

"Pole, mama. Mungu atamrudisha."

Maiki ya shavuni ikaidaka sauti yake. Ukumbi mzima ukasikia.

Hakuwa anatunza. Alikuwa anatoa rambirambi.

Sijui nilikaa kimya kwa muda gani. Mpiga kinanda, Mungu ampe umri, alibaki akizungushia nota zile zile nne, taratibu, ananisubiri. Nikasema "Amina". Halimo kwenye maandishi. Mikono ikalitafuta pindo la kanga ya begani, nikaiweka noti, nikakaza fundo kwa meno kama yule mama wa vibua, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimefika kwenye "bahari". Ile "ha" ilitoka bila mimi kuitafuta. Yule mama alikuwa bado anashuka ngazi.

Nyuma ya pazia mwongozaji alikuwa amekasirika kwa ile hasira ya heshima, ya mtu anayejua huna kosa. Akasema mtazamaji akipanda jukwaani igizo limevunjika. Nikasema mbona hata kiti hakikulia. Akasema kesho ataweka mtu kwenye ngazi.

Nyumbani, saa 6 usiku, mama mdogo akanipikia chai ya rangi, akakaa kimya mpaka nikamaliza nusu kikombe. Yeye aliimba na kuigiza kwenye kikundi cha utamaduni hapa hapa Dar, enzi za vikundi kama Muungano na baadaye TOT ya marehemu John Komba, wakati tiketi moja ya baa ilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo la machozi, na mwisho taarab mpaka alfajiri. Nilikuwa mtoto, nikimuona anakufa kwenye igizo saa 4, na saa 5 anatoka na gauni la kumeremeta anaimba. Ilinisumbua sana. Ndiyo maana nikisikia vijana wanasema tamthilia ya muziki ni kitu kigeni hapa mjini, namwangalia mama mdogo na kunyamaza.

"Kwa nini ulimtazama usoni?" akaniuliza.

"Mama mdogo, alinishika mkono."

"Akushike. Unamtazama mikono. Ukimtazama usoni umetoka wewe, mwimbaji wa Tanga. Msibani nani anatazama sura za watu?" Akanyanyua kikombe. "Mimi kuna igizo nilifiwa na mume kila wikiendi, miaka minne. Temeke, Magomeni, Ilala. Na kila wikiendi rambirambi inakuja. Ukiikataa, umemwaibisha mtu mbele ya kadamnasi."

"Pesa mlikuwa mnafanyaje?"

"Ya igizo ni ya kikundi, kwa sababu wamempa mfiwa, na mfiwa ni wa kikundi. Ya taarab ni yako."

Nikalifungua pindo. Noti ilikuwa na unyevu wa jasho na alama za meno yangu.

Jumamosi

Shoo mbili. Noti nimemkabidhi mweka hazina wetu, nikamweleza sheria ya mama mdogo, akacheka, akaenda kununua betri na plasta.

Mchana mlinzi alikaa kwenye ngazi, kijana mkubwa wa mwili, na hakuna aliyethubutu. Niliimba salama. Kupiga makofi walipiga. Kila nilipofika kwenye shati nilikuwa namuona yule mlinzi badala ya mwanangu.

Usiku mlinzi akahamishiwa mlangoni kwa ajili ya msongamano, na mwongozaji hakusema neno. Nadhani alikuwa ameshaanza kulifikiria upya. Walipanda wawili. Wa kwanza bibi kizee, mia tano mbili za sarafu, nikatazama mikono yake kama nilivyofundishwa: kucha zina hina iliyofifia, kidole gumba kina plasta. Hakusema kitu. Wa pili kijana, anacheza, simu juu anajirekodi, noti ameishika kama bendera. Huyo nilimpa mgongo na kuendelea kukunja shati. Akasimama pale kidogo, akashuka. Kwa hiyo rambirambi haikataliwi, ila kuna watu hawajaja msibani.

Ile la ya shoo ya tatu ilipasuka kidogo ukingoni. Waliokaa mbele wamesikia. Mtunzi akasema imependeza, mama mwenye huzuni hawezi kuwa na sauti safi. Vijana wanajua kufariji.

Jumapili

Siku ya kupumzika ya waigizaji wenzangu. Mimi nimepanda kivuko kwenda Kigamboni kuimba taarab na bendi ya marafiki zangu wa zamani, kwa sababu kodi ya nyumba Tanga haijui tamthilia.

Mpiga kinanda wa bendi alisikia rekodi ya wimbo wa shati, akaupenda, akauwekea mdundo. Mishororo ile ya mizani 11 na 13 akainyoosha kwa kurudia maneno, kazi aliyoimaliza kwa dakika kumi akiwa anakula mihogo. Nilisita. Nikasema sawa, tuujaribu wa tatu.

Maneno yale yale. Mama, kamba, shati, bahari. Nakshi zangu zote nimezirudisha, "ri" nikaivuta nilivyotaka. Mpaka kiitikio cha pili akina mama walikuwa wameshasimama, mikono juu. Noti zikaanza kuja zikicheza. Kuna mmoja, dera la njano, alikuja nayo polepole, akaizungusha hewani, akageuka, akamwelekezea mwanamke mmoja aliyekaa meza ya pili, kisha ndiyo akanipa. Meza yake ikapasuka kwa vigelegele. Yule wa meza ya pili akanyanyuka naye, na yake, akarudisha.

Ilinichukua beti zima kuelewa. Shati limebaki kwenye kamba, mwenyewe kavuka bahari: wao wamesikia mume wa mtu. Wimbo wa mama anayemlilia mzamiaji umekuwa mpasho, wimbo wa kusutana!

Nilitabasamu, nikamwegemea kila mmoja sawasawa, maana mwimbaji hachagui upande. Tuliurudia mara tatu kwa maombi ya meza zote mbili. Nikigawana na mpiga dumbaki, nimebaki na shilingi 86,000, nimehesabu mara mbili kwenye taa ya kivuko cha kurudi. Kwa wiki nzima ya tamthilia, ukitoa nauli, sikupata zaidi ya hizo sana.

Mama mdogo alikuwa macho.

"Wamekutunza?"

"Wamenitunza. Wamedhani ni wimbo wa mume."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniuliza, "Na yule wa Ijumaa, uliwahi kumjua ni nani?" Sikumjua. Niliuliza mlangoni Jumamosi, wakasema mama wa dera la kijani aliondoka kabla ya Onyesho la Nane.

Jumatatu

Basi la saa 3. Kiyoyozi, mtandio, dirisha. Sauti imebaki nusu, kwa hiyo hadi Chalinze nimezungumza kwa mikono, na konda ameniheshimu akidhani mimi ni bubu.

Karibu na Wami ukaingia ujumbe wa mwongozaji. Wanarudia Aprili, ukumbi ule ule. Ngazi za pembeni zibaki wazi, mlinzi akae mlangoni, na mpiga kinanda aandikiwe zile nota nne za kusubiri kwenye karatasi. Chini yake ujumbe wa sauti kutoka kwa mtunzi: amenitungia wimbo mpya wa Onyesho la Nane, mama anafunga dirisha.

Nimeusikiliza mara mbili na simu sikioni. Mzuri. Nota ya juu kabisa, ndefu, iko kwenye "sha".

Nimemwandikia: kaka, safari hii ni "ri".